Swali la Saba

Dukani kwangu wananiita Mama Maswali. Nauza dawa za Ayurveda, ile tiba ya Wahindi ya tangu zamani: unga wa mwarobaini wa chunusi, mafuta ya amla ya nywele, liwa ya uso. Lakini sitoi hata kijiko kimoja kabla sijamketisha mteja nyuma ya pazia, nikamshika mshipa wa mkono kwa vidole vitatu, nikamwambia atoe ulimi, kisha nikamuuliza maswali saba ya kwenye kadi. Usingizi, chakula, choo, jasho, hasira, hedhi. La saba ni la uchafu ukeni: rangi yake, harufu yake, na kama tumbo linauma chini ya kitovu.

"Mama, mimi nimefuata dawa ya nywele tu," wasichana hulalamika.

"Na hizo nywele zimeota ukutani? Jibu."

Wanajibu. Mama aliyenifundisha kazi alisema msichana hutanguliza nywele na uso kwa sababu hilo jingine halina pa kuanzia. Jibu likinitia shaka, dawa yangu naiacha kwenye rafu na kumpeleka hospitali, wengine nikiwashika mkono hadi mlangoni. Nilijivunia sana huu mdomo wangu usio na haya.

Kisha akaja Kidoti, binti wa kaka yangu, aliyepewa jina hilo kwa alama iliyo kando ya pua yake. Alikuwa na miaka ishirini na moja. Alivua kitambaa, akapitisha vidole kichwani, vikatoka na fungu zima la nywele. Kidevu kilikuwa kimejaa chunusi. Nikamshika mshipa, nikatazama ulimi, nikauliza moja hadi sita. Hedhi, akasema, inabadilikabadilika.

Nikafika la saba, mdomo ukanikauka.

Huyu mtoto nimemwogesha. Baba yake ni ndugu yangu wa tumbo moja. Akinijibu nisichotaka kusikia, nitamtazamaje kaka yangu? Nikachora kistari kwenye mstari wa saba, alama yangu ya kwamba hakuna shida, nikaifunika kadi.

"Nyinyi mnakesha na simu, ndiyo maana mnanyonyoka kama kuku," nikamwambia, nikimfungia amla na mwarobaini.

Hakuinuka. "Umemaliza, shangazi?"

"Nimemaliza. Au unataka nikuimbie?"

Akacheka kidogo, akachukua kifurushi chake, akaenda.

Miezi saba baadaye alianguka bafuni kwao, anaungua kwa homa. Hospitalini wakampasua siku ileile. Daktari alitueleza kwamba maambukizi yalikuwa yamekaa kwenye kizazi muda mrefu, yakapanda, na mirija yote miwili ya uzazi wamelazimika kuitoa. Angewahi, alisema, huenda vidonge tu vingemtosha.

"Si alikuja kwako?" kaka akaniuliza pale kwenye korido. Hakuuliza kwa ubaya. "Wewe ndiye mjuzi wa haya mambo. Hukuona kitu?"

"Nilimpa mafuta ya nywele," nikasema.

Kesho yake nilibaki naye peke yangu wodini. Nilikuwa nimeleta chupa ya amla, maana mikono yangu haijui kukaa bure. Nikaketi kitandani, nikaweka kichwa chake pajani.

"Shangazi," akasema, "rafiki yangu alipita kwako mwaka jana. Aliniambia humwachi mtu bila kumuuliza lile swali. Ndiyo maana nilikuja."

"Si ungesema tu, mwanangu."

"Ningeanzia wapi? Nilikuwa nimeliandaa jibu. Njia nzima nalirudia moyoni nisije nikatetereka. Ulipofunika kadi nikajua hutaki kusikia."

Nililia, wala sikujificha. Maelfu ya wasichana wa watu nimewauliza bila kupepesa macho, wangu nikamwonea haya. Halafu, kama mjinga, nikamuuliza siku ile alikuwa amejiandaa kusema nini.

Aligeukia ukutani.

"La nini sasa, shangazi," akasema. "Nipake tu mafuta."