Mama Dot Ataka Kuua

Kazi yangu ni uwakala wa waigizaji, na wakala wa waigizaji hapa Hollywood ni mtu wa kutukanwa. Asubuhi natukanwa na watayarishaji wa filamu, mchana natukanwa na waigizaji wangu, na nikifika nyumbani mke wangu ananitukana kwa kuchelewa. Nimezoea. Kitu kimoja tu sijakizoea mpaka leo, nacho ni kuitwa Rusty.

Jina langu ni Gil Mandel. Rusty ni jina nililopewa na televisheni nikiwa na miaka saba, nilipochukuliwa kuwa kitinda mimba wa akina Wendell. Nchi nzima ilituangalia kila Alhamisi baada ya chakula cha jioni. Mama yangu wa humo kwenye kioo alikuwa Verna Stroud. Mama Dot Wendell mwenyewe! Aproni imepigwa pasi ikanyooka, mkufu wa lulu shingoni hata akiwa anasugua jiko, na keki mezani haikosekani. Keki ile, kwa taarifa yenu, ilikuwa ya plasta. Niliing'ata siku yangu ya kwanza kazini, jino likang'oka, na waandishi wetu, watu wasio na haya, wakatunga kipindi kizima juu ya jino langu.

Kila kipindi kilikwisha vilevile. Rusty kavunja dirisha, au kasema uongo, au kamfungia paka wa jirani ndani ya sanduku la posta. Jioni Mama Dot anaingia chumbani, anaketi pembeni mwa kitanda, anainyoosha sketi yake magotini, kisha anasema kwa sauti ndogo, "Sijakasirika, Rusty. Nimesikitika tu." Hapo nalia. Watoto wa vipindi vingine walipakwa kitunguu machoni ndipo walie. Mimi kitunguu cha nini? Mwanamke yule akishasikitika, nilijiona nimeua mtu.

Mama yangu mzazi alikuwa akikaa nyuma ya kamera kwenye kiti cha kukunja, akifuma sweta na kuchunga asiibiwe mtoto. Siku moja taa zimeshazimwa, kamba ya kiatu imenifunguka, nikamwita Verna, "Mama, nifunge." Sindano za kufumia zikanyamaza. Verna akachuchumaa, akanifunga kamba, akaninong'oneza, "Kamera ikiwaka, mimi mama yako. Ikizimwa, mimi Bi. Verna. Mama yako yule pale, na masikio anayo." Nikashika adabu tangu siku hiyo. Nimekua, nimeota masharubu, nimeshindwa uigizaji, nimefungua ofisi, nimekuwa wakala wake, na bado ni Bi. Verna.

Basi, mwaka 1974, asubuhi ya Jumatatu, Bi. Verna akaingia ofisini kwangu bila kubisha hodi, akaketi, akaweka mkoba magotini.

"Gil," akasema, "nataka kuua."

"Kuua nani? Kama ni mtayarishaji, jiunge na foleni."

"Yeyote. Kwenye filamu. Nimesikia yule kijana Dexter Roush anatafuta mwanamke wa kuwa bosi wa genge. Bi. Hagerty. Ana maduka ya dobi kule Bakersfield, mbele anafua nguo, nyuma anazika watu. Nataka nafasi hiyo."

Nilicheka. Halafu nikaona yeye hacheki, nikainyoosha tai yangu.

"Bi. Verna, watu wa kampuni ya supu wanakungoja Ijumaa utie sahihi mkataba. Matangazo miaka na miaka! Unavaa aproni yako, unakoroga sufuria, unamwambia mtoto ale. Basi."

"Ndiyo hiyo 'basi' inayoniua," akasema, na sauti ikamtetemeka, kitu ambacho sikuwahi kukisikia. "Nikitia sahihi hiyo, nitazikwa na aproni. Watu wataandika kaburini Mama Dot. Mimi ni mwigizaji, Gil. Nilisomea. Kabla ya nyie kunitia jikoni nilikuwa naua watu jukwaani kila Jumamosi, na nilikuwa naua vizuri sana. Nipatie nafasi moja tu. Nikishindwa, nitaenda kwenye supu yao na nitakoroga mpaka kiama."

Nikapiga simu. Dexter Roush alikubali kumwona, tena kwa furaha iliyonitia wasiwasi.

Alhamisi nilimfuata nyumbani kwake, nikakuta amevaa koti la ngozi la waendesha pikipiki na anatafuna kijiti cha kiberiti.

"Vipi?" akaniuliza kwa sauti nzito aliyoitoa sijui wapi.

"Unatisha," nikasema. Wakala hulipwa kwa ajili hiyo.

Kwenye barabara ya Sunset trafiki akatusimamisha, maana kwa wasiwasi nilikuwa nimepita taa nyekundu. Akaja na uso wa mbuzi, akainama dirishani, akamwona. Miwani ikavuliwa.

"Mama Dot!"

"Habari ya kazi," Bi. Verna akanguruma, kijiti kinacheza mdomoni.

"Mama Dot, sijampigia mama simu tangu Pasaka," trafiki akasema, na midomo ikaanza kumcheza. "Sijui hata kwa nini. Kazi, watoto..."

"Nenda kampigie," Bi. Verna akasema kwa sauti yake ya siku zote, koti la ngozi na yote. Akaenda. Faini hatukuandikiwa, lakini Bi. Verna alikitupa kile kijiti nje ya dirisha kwa hasira.

Ofisini kwa Dexter Roush mambo yaliharibika zaidi. Kijana yule alikuwa na ndevu za nabii, miguu mitupu juu ya meza, na chembe za donati zimemjaa ndevuni. Alikuwa amelelewa na televisheni, yaani alikuwa amelelewa na sisi. Akanikumbatia mimi kwanza.

"Rusty! Lile jino!"

"Gil," nikasema.

"Rusty huyu! Haya, Mama Dot, tuanze. Mimi nitasoma maneno ya Lou, yule mtu wako aliyeboronga kazi. Wewe mtishe. Mtishe kwelikweli."

Bi. Verna akatisha. Alipiga meza, akapaza sauti, akatoa macho, akamkamata Dexter shati. Alitukana tusi moja la bandarini ambalo sikujua kama analijua. Na Dexter, mbwa yule, akawa anatabasamu kama mtoto aliyeletewa baiskeli.

"Jamani! Mama Dot kakasirika! Trudy, njoo uone!"

Katibu wake Trudy akaja mbio, akajishika kifua, akasema, "Oo, mzuri huyo!" kisha akamwomba Bi. Verna amfundishe kukunja shuka lenye lastiki.

Nikaona mabega ya Bi. Verna yanashuka. Naapa, kama ningekuwa na bunduki ningefanya kazi ya Bi. Hagerty mimi mwenyewe, bila malipo.

"Nisamehe, Mama Dot," Dexter akasema, miguu bado mezani. "Nakupenda kufa. Lakini watu wakikuona wanasikia harufu ya keki."

"Keki ilikuwa ya plasta!" nikafoka. Hakuna aliyenisikiliza.

Bi. Verna akavua koti la ngozi. Akalikunja taratibu, mkono wa kulia, mkono wa kushoto, akaliweka juu ya kiti. Ndani alikuwa na blauzi nyeupe. Akachukua mkoba wake, akafika mlangoni, akashika kitasa. Nami nikainuka nimfuate, tayari naiona supu.

Akakiachia kitasa. Akarudi. Akaketi pembeni mwa kochi, karibu na Dexter, akainyoosha sketi yake magotini.

Mimi niliijua ishara hiyo. Nikaketi tena.

"Dexter," akasema.

"Naam?" Miguu ikashuka mezani yenyewe.

"Sijakasirika."

Trudy akaacha kutabasamu. Simu iliita chumba cha pili na hakuna aliyekwenda.

"Nimesikitika tu." Akanyoosha kidole, akamtoa chembe ya donati ndevuni, akaitazama, akaiweka kwenye kisahani. "Nimekulisha, nimekufulia. Nikakuambia usirudi kwa barabara kubwa. Nilikuambia au sikukuambia?"

"Uliniambia," Dexter akasema. Karatasi yenye maneno ya Lou ilikuwa imemwanguka. Hakuiokota.

"Nani mwingine alikuona?"

"Hakuna."

"Nitazame ukisema."

"Hakuna, mama. Naapa."

"Vizuri." Akamtazama kwa upendo, na ule upendo ulikuwa wa kweli, ndiyo maana nywele zilinisimama. "Basi nyoosha kola yako, mwanangu. Hatutaki ukutwe hivyo."

Mkono wa Dexter ukapanda shingoni, ukanyoosha kola. Trudy akapiga ukelele mdogo, akakimbilia nje. Wahenga walisema simba mwenda pole ndiye mla nyama, na mimi nilikuwa nimeishi na simba huyo misimu minane nikidhani ni aproni. Nilijigusa uso nikakuta nimelowa machozi. Bila kitunguu.

Dexter akainuka, akasema anaomba kwenda chooni. Aliporudi alisimama mbali, nyuma ya kiti.

"Nafasi ni yako," akasema. "Ila usinitazame kwanza, tafadhali."

Tulishuka ngazi tukicheka kama vichaa. Bi. Verna alicheka mpaka akakaa kwenye ngazi, viatu mkononi. Ijumaa watu wa supu walipopiga simu, alichukua mkonga mwenyewe akawaambia kwamba hajakasirika. Hawakupiga tena.

Lakini kumtisha mtu mmoja mwenye donati ndevuni ni kitu kingine, na nchi ni kitu kingine. Filamu ilipokamilika, studio ilikwenda kuionyesha kwa majaribio mjini Pasadena, Jumapili mchana, mbele ya watu wa kawaida waliotoka kanisani na kula vizuri. Dexter alikuwa ameyaacha maneno ya ile siku kama yalivyo. Mimi na Bi. Verna tukakaa mstari wa nyuma kabisa.

Alipotokea kwenye kioo, kitambaa kichwani, anapiga pasi, ukumbi ulilipuka. "Mama Dot! Mama Dot huyo!" Wakapiga makofi, wakacheka, mtu akapiga mluzi. Mkono wa Bi. Verna, wa baridi kama samaki, ukaushika wangu. Wakiendelea kucheka, basi. Kifo cha Bi. Hagerty, na cha Verna Stroud pia.

Wakacheka alipoketi. Wakacheka aliponyoosha sketi. Aliposema "Nimesikitika tu," walicheka sana, na Bi. Verna akafumba macho.

"Basi nyoosha kola yako, mwanangu. Hatutaki ukutwe hivyo."

Kicheko kikafa. Katika ukimya ule niliona jamaa mmoja mnene mbele yetu, shingo kama ya fahali, anainua mkono gizani na kuinyoosha kola yake mwenyewe. Halafu wa pembeni yake. Halafu ukumbi wote ukavuta pumzi, mwanamke akalia "La, Mungu wangu!", na Bi. Verna akafumbua macho.

Tulipotoka, watu walikuwa wamejaa pale mlangoni. Kwa miaka yote mlango wowote aliotokea Verna Stroud ulikuwa wa kukumbatiwa, kubusiwa, kushikishwa vichanga. Sasa umati ukamwona, ukapasuka katikati, ukampisha. Mama mmoja alimvuta mtoto wake nyuma ya sketi. Bi. Verna akapita akiinamisha kichwa kwa heshima kulia na kushoto. Tulipofika tu kwenye maegesho, nyuma ya lori la maziwa, akarusha mkoba juu na kuudaka.

"Wameniogopa, Gil! Umewaona? Yule mnene alitaka kulia! Wameniogopa!"

"Nimewaona, nimewaona!"

Tukacheza pale, mwanamke wa miaka sitini na wakala wake, mpaka mlinzi akatukoholea. Nilikuwa na furaha ambayo sijawahi kuipata kwa jambo langu mwenyewe.

Ndani ya gari nikatia sigara mdomoni. Akanitazama. Nikaitoa, nikaitupa dirishani.

"Sijasema kitu," akasema.

"Hujasema, mama."

Neno likawa limeshatoka. Kamera hakuna, taa hakuna. Mama yangu mzazi, Mungu amrehemu, alikuwa amezikwa mwaka uliopita pamoja na sindano zake. Nikabaki nimeshika usukani bila kuwasha gari, mtu mzima mwenye masharubu, masikio yanawaka.

Bi. Verna akanigeukia, akaninyoosha kola.

"Sema tena," akasema. "Mara moja tu. Na ukimwambia mtu, nakuzika Bakersfield."

Nikasema tena. Na kuhusu Bakersfield, nilimwamini kabisa.