Damu ya Mzee Adriano

Meshack wa kidato cha tatu alikuwa mheshimiwa mwenye historia chafu. Aliwahi kujaza kande mashavuni, akatangaza kwamba ana matubwitubwi, ili akwepe mchakamchaka. Kwa hiyo midomo ilipomvimba kweli, matroni Mariana alimwamuru ateme. Hakukuwa na cha kutema. Uvimbe uliposhuka kooni na sauti kukwama, matroni mwenyewe ndiye aliyetoka mbio kutafuta gari.

Meshack alipona. Lakini shule ikasema harudi bwenini mpaka daktari aeleze ule ni ugonjwa gani. Dokta Hellena wa mjini Sumbawanga naye akataka damu mbili: ya Meshack na ya baba yake.

"Yangu ya nini?" mzee Adriano aling'aka. "Mimi tumbo langu huvimba kwa pombe ya Kornel. Jirani yule ananitilia kitu. Sasa kahamia kwa mwanangu!"

Tangu aanze kumshuku, Adriano hakuonja tena pombe ya ulezi ya Kornel. Tumbo halikupewa taarifa, liliendelea kuvimba.

"Baba, kwa heshima zote," Meshack alisema kama shemasi, "marehemu bibi alikuwa akivimba uso, na hakunywa pombe hata siku ya Pasaka. Yeye Kornel alimtilia wapi?"

Adriano akamnyooshea kidole.

"Mdomo wako huo!"

"Ndio huohuo unaovimba, baba."

Mzee akakunja mkono wa shati. Alipoiona sindano akageukia ukutani, akasali kwa Kifipa.

Damu zilipelekwa Dar es Salaam. Majibu yaliporudi, Dokta Hellena aliwaita wote wawili.

"Katika damu kuna protini inayoituliza kinga ya mwili isifanye fujo. Ninyi mnayo kidogo mno, ndiyo maana mnavimba, uso na hata tumbo. Ni kasoro ya kuzaliwa nayo, hutoka kwa mzazi kwenda kwa mtoto, ingawa si kila mtoto huirithi."

"Si ya kurogwa?" Adriano aliuliza taratibu.

"Si ya kurogwa, mzee. Na dawa za kuzuia uvimbe zipo. Ila koo likianza kubana, msingoje, njooni mbio."

"Nina wadogo zangu kule kijijini Kate. Na watoto wao."

"Waje wote wapimwe."

Wiki iliyofuata Meshack alisimama mbele ya matroni na barua ya daktari. Mariana aliisoma, akairudia.

"Nimeelewa. Ukihisi uvimbe, hata katikati ya misa, nyoosha mkono. Nitakuja."

"Na nisipohisi, matroni?"

"Usinyooshe, Meshack."

"Sawa, matroni," akajibu, na safari hii alimaanisha.