Siku Moja Juani, Nne Kivulini

Kaka yangu ni fundi wa kuezeka mabati, na kichwa chake kigumu kuliko bati lenyewe. Alipokatwa saratani ya ngozi sikioni kwa mara ya pili, daktari alimkataza kupanda paa. Akanifuata maabara, kazini kwangu, akataka nimpime kama ngozi yake bado inaweza kujitengeneza.

Tulikuwa na utafiti wa jambo hilohilo. Muuguzi alimmulika taa yenye miale kama ya jua kwenye kalio, mahali ambapo hata kwa fundi wa paa jua halifiki, akakata kipande kidogo cha ngozi papo hapo na kingine baada ya siku mbili. Kuhesabu madhara yaliyobaki kwenye DNA ilikuwa kazi yangu. Kwa watu wasio na saratani yalibaki machache. Kwa kaka yalibaki nusu.

Hapo ndipo nilipoharibu. Badala ya kumwambia asipande, basi, nikajitia hodari wa kufafanua. Nikamwambia jua linatoboa chembe za ngozi kama msumari unavyotoboa bati, na ndani ya chembe hizo wamo mafundi wa kuziba. Mafundi wake yeye ni wazembe, na tundu lisilozibwa vizuri ndilo linaloweza kuzaa saratani. Akauliza wanahitaji muda gani. Nikajibu kwamba kwa siku mbili wanamaliza nusu. Akacheka, akasema mafundi wa aina hiyo anawajua, amewahi kuwaajiri. Nami nikacheka naye.

Miezi minane baadaye alirudi na kidonda shavuni na uvimbe shingoni. Nikampeleka akapimwa. Majibu yalipotoka, saratani ilikuwa imeshasambaa. Nikamfokea mbele ya muuguzi, kwamba amepanda tena kwa ubishi wake.

"Sikupanda ovyo, mdogo wangu," alisema kwa upole. "Siku moja juani, nne kivulini. Mbili za nusu ya kwanza, mbili za nusu ya pili. Si ndiyo hesabu uliyonipa?"

Akatoa kalenda mfukoni. Kila siku ya kupumzika ilikuwa na alama ya penseli, na hakuna aliyoiruka, hata wiki ambazo wateja walimkimbia kwa kuchelewesha kazi.

"Ningewapa mafundi wangu siku tano," akauliza, "wangemaliza?"

Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona maishani. Nikamwambia sijui, maana hatukupima zaidi ya siku mbili.