Daktari Mkazo

Jina hilo tulimbandika sisi wauguzi wa wodi ya wanawake. Kijana msomi, shati limenyooka, lakini huwezi kumpa ripoti ya zamu asikukatize. Ukisema "record" kwa maana ya kumbukumbu za mgonjwa, mkazo ukae mwanzoni. Ukisema "record" kwa maana ya kuandika, mkazo uhamie mwisho. "Increase" vivyo hivyo, na "transfer" pia. Mimi nimekulia katika lugha ambayo mkazo una kiti chake, silabi ya pili kutoka mwisho, na haumsumbui mtu. Miaka kumi na tisa nachoma sindano kwa matamshi haya haya na hakuna mshipa uliowahi kulalamika.

Wiki ile matroni alikuwa anatafuta msimamizi wa wodi. Aliniambia wazi: "Nafasi ni yako, ila lazima daktari akupitishe. Anasema hutamki vizuri. Jikaze kidogo." Nilikitaka cheo kile, sitadanganya. Nilikitaka mpaka nikawa nafanya mazoezi bafuni, mume wangu anagonga mlango akiuliza naongea na nani.

Saa nane mchana tukaanza kupita vitandani kukabidhiana zamu. Kitanda cha kwanza alinikatiza mara mbili. Cha pili mara tatu, wenzangu wakaangalia viatu vyao. Cha tatu alilala mama mmoja mshonaji, ana kidonda mguuni. Nikafungua faili, nikaanza kwa Kiingereza kusema record yake inaonyesha nini.

"Rudia," akasema Daktari Mkazo. "Hapo ni nomino."

Yule mama akanitazama kwa huruma. Mtu mwenye mguu unaotoa usaha ananionea huruma mimi! Damu ikanichemka.

"Sirudii," nikasema, nikamgeukia mgonjwa. "Mama, haya ni yako, nisikilize. Vidonge havijakisaidia kidonda. Kuanzia saa tisa leo unaanza sindano za penisilini."

"Sista, hapa ripoti inatolewa kwa Kiingereza," daktari akasema. "Nitamwambia matroni."

"Mwambie."

Lakini mama alikuwa ameshainuka kwa viwiko. "Penisilini? Jamani, hiyo ilinivimbisha koo mwaka juzi! Nilibebwa sipumui."

Nilitazama faili. Penye mzio wa dawa pameandikwa: hakuna.

"Hukuulizwa siku ulipoingia?"

"Huyu daktari aliniuliza kitu kwa Kizungu. Nikaona nisimchoshe, nikatikisa kichwa."

Daktari alilichukua faili, akaikata ile sindano kwa kalamu. Kisha akakohoa, akajiweka sawa.

"Haya, tuendelee. Kwa Kiingereza, tafadhali. Utaratibu ni utaratibu."

"Utaratibu huo nusura utuulie mtu," nikamwambia, mbele ya wote. "Cheo mpe umtakaye. Ripoti yangu nitaitoa mwenye ugonjwa aielewe."

Nikasogea kitanda cha nne. Bibi wa pale alikuwa ameshakaa kitako, amejifunga kitambaa chake kichwani kama anayetaka kutoka.

"Mimi nisomee yote, mjukuu wangu, usiruke kitu," akasema. "Nina siku kumi na moja humu, na sijui naumwa nini."