Kichwa, Mikono, Mgongo

Mwalimu Elphas Shitanda alikuwa na daftari moja ambalo hata mkewe hakuruhusiwa kuligusa. Kila mwisho wa mwaka wazazi wa shule ya misheni walivuka mto Sosiani kwenda kwake, wakapanga foleni uani, ili awaambie watoto wao wanafaa kazi gani. Naye angevaa miwani, angefunua kurasa polepole makusudi, kisha asome neno moja kati ya matatu: kichwa, mikono, au mgongo. Wa kichwa aende chuo cha ualimu au akawe karani. Wa mikono ajifunze useremala. Wa mgongo, basi, mashamba ya wazungu yalikuwa tele, na magunia ya ngano hayajibebi. Watu wa Sisibo, maana ndivyo walivyouita mji wa Eldoret miaka ile ya kabla ya vita vya pili, walimwamini kuliko mpiga ramli, na yeye, Mungu amsamehe, alifurahia.

Ushauri mmoja tu aliutoa kwa wote bila ubaguzi. "Fanya kazi kwa bidii mpaka mzungu mwenyewe akusifu," alikuwa akisema. "Sifa ndizo zitakufungulia mlango."

Ndivyo alivyomwambia Kimutai. Kijana huyu alikuwa wa kwanza katika shule ile kupata nafasi ya chuo cha ualimu, ila nafasi yenyewe ilikuwa ya mwaka uliofuata. Mwalimu akamshauri asikae bure. Achukue kipande, kile cheti cha kazi cha serikali, afanye kazi mwaka mmoja, anunue blanketi na viatu, kisha aende chuo na barua nzuri mkononi. Kimutai akatii. Alikitia cheti chake ndani ya kikopo cha bati, akakining'iniza shingoni kama walivyofanya wanaume wote wenye kuajiriwa, akaandikwa kazi kwenye shamba la ngano la mzungu mmoja ambaye watu walimwita Bwana Saa, kwa vile hakuweza kumaliza sentensi bila kutazama saa yake.

Sasa mwaka ulikuwa umeisha. Chuo kilikuwa kinafunguliwa Jumatatu, na barua ilisema wazi kwamba atakayechelewa, nafasi yake atapewa mwingine. Bwana Saa naye alikuwa amekataa katakata kutia sahihi ya kumwachilia. Bila sahihi ile kwenye kipande, Kimutai angehesabiwa mtoro, na mtoro alitafutwa na askari mpaka chini ya kitanda cha mama yake.

Alhamisi Mwalimu alivaa koti lake la kanisani, akaenda mwenyewe. Aliachwa amesimama nje ya stoo mpaka jua likageukia upande wa pili. Kimutai alitoka na penseli sikioni na vumbi la ngano kwenye nyusi. Alikuwa amekonda.

"Nilifanya vile ulisema, Mwalimu," alisema kwa sauti ya chini. "Napima magunia, naandika kitabu, sijakosea hata siku moja. Wale wavivu waliachiliwa kitambo. Kiprotich alivunja mizani, akafukuzwa siku hiyo hiyo, na sahihi akapewa. Mimi ndiye nimebaki."

 Kwa miaka kumi na mitano Mwalimu alikuwa amewahubiria watoto wa watu bidii, na haikumpitikia hata mara moja kwamba kazi nzuri inaweza kumfunga mtu. Aibu ilimshika mpaka masikio yakamwaka.

Bwana Saa alitoka mwishowe, amejifuta mdomo baada ya chai.

"Kijana hii mzuri sana," alisema. "Mimi hapana wacha yeye."

"Bwana, chuo kinamngoja. Ni Jumatatu."

"Na mimi ngano nangoja." Akatazama saa. "Sikia, mwalimu. Wewe nataka hii? Lete ingine. Sawasawa kama hii. Najua soma, najua andika, hapana iba. Lete kesho, mimi natia sahihi."

"Na huyo mwingine, Bwana, mwakani akitaka kwenda chuo?"

Bwana Saa alicheka, na haikuwa hata kicheko cha ubaya. "Wewe lete ingine," alisema.

Njia nzima ya kurudi Mwalimu alikuwa akitafuta majina, ingawa alijua tangu mwanzo kwamba jina lilikuwa moja. Wasike. Alikuwa anamaliza shule mwezi ule ule, na mwakani angekuwa wa pili kwenda chuo. Angeweza kukataa, arudi amwambie Kimutai ukweli, wabebe hasara wote wawili. Lakini tusifichane. Alikwisha kumtangaza Kimutai kanisani, mbele ya mchungaji na wazee, na Jumapili hii waumini wangesimama kumwombea safari. Kuwaambia kwamba mwanafunzi wa kwanza wa Mwalimu Shitanda amebaki kupima magunia, hilo lilimshinda.

Alipofika nyumbani alilifungua daftari. Mbele ya jina la Wasike paliandikwa kichwa. Alifuta kwa raba, karatasi ikakwaruzika, akaandika mikono. Hakuna aliyemlazimisha, wala hakuna ambaye angelisoma. Alitaka tu daftari likubaliane naye.

Jioni ile alikwenda kwa Nelima, mama yake Wasike, mjane aliyeuza ndizi sokoni. Nelima alipomwona Mwalimu amekuja bila kuitwa, alikimbiza mwenyewe jogoo wa kuchinjwa.

"Mwaka jana uliniambia huyu ni wa kichwa," alisema Nelima, Mwalimu alipomaliza kumweleza kazi ya kwa Bwana Saa.

"Watoto hubadilika, Mama."

Nelima alimtazama kidogo. Kisha akatabasamu, kama mtu anayeona haya kwa kuuliza. "Sawa. Wewe ni mtu wa kwetu, Mwalimu. Hauwezi nipotezea mtoto."

"Ni mwaka mmoja tu. Mikono ikishazoea, kichwa kitafuata."

Chakula kikaletwa. Firigisi, kama ilivyo desturi ya Waluhya, ni ya mwenye nyumba. Tangu mumewe afe miaka minne nyuma, kila kuku aliyechinjwa pale firigisi yake ililiwa na Wasike, maana ndiye aliyekuwa mwanamume wa nyumba ile. Nelima alikuwa tayari ameiweka kwenye sahani ya kijana. Akaiokota, akaihamishia kwenye sahani ya mgeni. Wasike hakununa, alisogeza ugali karibu na Mwalimu, akamnawisha mikono.

Mwalimu aliitia ile nyama mdomoni. Ilikuwa ngumu, au labda meno yake ndiyo yaliyogoma.

"Mwalimu," Wasike aliuliza, macho yakimng'aa, "nasikia Kimutai anaachiliwa kesho. Mimi pia nikifanya kazi vizuri sana, Bwana Saa ataniachilia kwa wakati?"

Nelima naye alikuwa akingoja jibu, kata ya maji mkononi. Mwalimu alijua neno moja la kumsaidia kijana huyu, na lilikuwa fupi: vunja mizani. Lilimpanda mpaka kooni, likakutana na ile firigisi, naye akavimeza vyote viwili.

"Fanya bidii, mwanangu," alisema. "Sifa ndizo zitakufungulia mlango."