Mtoto Hasikii

Kiswahili cha baba yangu ni cha mnadani. Anajua bei, ongeza, punguza, mbuzi huyu amekonda, na matusi matatu. Na neno moja alilolipenda kuliko hayo yote: hasikii. Aliliokota kwa madalali wa Lodwar, akalileta kwetu Kakuma kama zawadi, akampa mdogo wangu wa kike, Adome.

"Huyu mtoto hasikii," anasema, fimbo iko mkononi.

Na kweli Adome hasikii. Sikio lake la kushoto linatoa usaha tangu darasa la pili. Ukimwita kutoka upande ule anakupita kama mheshimiwa aliyekwisha kupigiwa kura. Nilimweleza baba mara mbili, kwa Kiturkana safi: Apa, sikio linaumwa. Mara ya pili akamzaba Adome kofi kwenye sikio lilelile, akaniuliza kama sasa limezibuka. Akacheka peke yake. Halafu akarudi Lodwar kwa mke mdogo na mbuzi zake.

Mimi ni mtu wa mzaha, mnanijua. Huo sikuucheka. Niliuweka.

Mama alikuwa ameshampeleka Adome hospitali. Wakasema ngoma ya sikio imetoboka, na daktari wa kuiziba hufika Kakuma mara moja kwa mwaka. Mwaka huu ni Alhamisi ya mwisho wa mwezi. Baba alipopigiwa simu akasema atakayeruhusu kisu kwenye mtoto wake bila neno lake, atamlaani. Mama haogopi mtu wala nyoka, lakini laana ya baba wa mtoto anaiogopa. Kwa hiyo mambo yote yakabaki kwenye mdomo wa mzee mmoja aliye kilomita mia na ushee. Akisema ndiyo, tena mbele ya watu, basi. Kwetu neno la mwanamume likishatoka mbele ya watu haliwezi kurudi tumboni.

Jumatatu ya wiki ile ile baba akatokea shuleni. Msidhani alimfuata Adome. Shule ilikuwa inachagua mwenyekiti wa wazazi, na mtu fulani alimwambia kwamba mwenyekiti hukaa kiti cha mbele wageni wakija. Alivaa miwani ya jua na kofia yenye unyoya. Adome alimwona akakimbilia choo.

Mwalimu mkuu, Hilaire, ni Mkongomani. Kiturkana chake kinaishia kwenye salamu, ejok. Kwa hiyo tangu nimalize kidato cha nne, mkutano ukiitwa, mkalimani ni mimi, Christine. Mkono wa kushoto wamekaa mama zetu wa Kiturkana. Mkono wa kulia ni wazazi wa kambi ya wakimbizi, Wakongomani, Warundi, na Mabil, mzee wa Sudan Kusini mrefu kama nguzo ya stima.

"Muzee Lomuria," Hilaire akasema, "utuambie, kama mzazi, utafanyia watoto nini?"

Baba akasimama na kigoda chake mkononi.

"Mimi ni Lomuria," akasema kwa Kiturkana. "Kutoka Lodwar mpaka Lokori, mwenye mbuzi ananijua. Watoto wa siku hizi hawasikii. Wangu mmoja hasikii kabisa. Nilimpiga, na nitampiga tena. Nichagueni mimi, na wenu wote watasikia."

Akanigeukia. Mkono wa kulia wote ukanigeukia pia.

Ningeweza kuyatafsiri yalivyo. Wangemzomea, angepanda gari kurudi Lodwar, na Alhamisi ingepita.

"Mzee anasema hivi," nikaanza, kwa Kiswahili changu cha mtihani, kile cha haraka ambacho hata madalali hawakifuati. "Nina binti asiyesikia. Nilidhani ni kiburi, nikampiga, tena kwenye sikio lilelile linaloumwa. Nilikosa. Natamka mbele yenu kwamba Alhamisi nitafika hospitali mwenyewe, nitaweka kidole kwenye karatasi, azibwe sikio. Na mkono huu hautamgusa tena."

Nilitazama mama zetu. Hao wanajua lugha zote mbili. Mama Akoru, jirani yetu, alikuwa na tumbaku shavuni, akaacha kutafuna. Nikangoja anivue nguo mbele ya watu. Alimtazama baba, akanitazama mimi, akatema pembeni, kisha akapiga makofi. Wenzake wakamfuata, wote, na mkono wa kulia ukalipuka.

Baba akavua miwani ili aonekane vizuri. Mabil alikuja akamshika mkono kwa mikono yake miwili.

"Mzee, kukubali kosa mbele ya watu, huo ni uanaume."

"Ndiyo," baba akajibu. Hilo alilijua.

Ndipo Mama Akoru akasimama, akasema kwa Kiturkana, polepole, kama anayemlisha mtoto uji:

"Lomuria, tumekusikia sote. Umesema ulimpiga mtoto bure. Umesema Alhamisi utaweka kidole. Sisi ndio mashahidi."

Nilimwona baba akilitafuta neno alipolidondoshea. Akanitazama. Sijawahi kutazamwa hivyo, nami nikamtazama vilevile.

"Nilisema hivyo?" akauliza.

"Apa, ndivyo ulivyosema. Kama sivyo, niwaambie wanachopigia makofi hukukielewa?"

Watu sitini walikuwa wanamtabasamia. Akavaa miwani.

"Nilisema hivyo," akasema.

Uenyekiti walimpa Mabil. Mtu aliyekosa na kutubu, wakasema, apumzike kwanza na mtoto wake.

Alhamisi alikuja. Aliweka kidole kwa nguvu utafikiri anamminya kupe. Adome akaingizwa ndani, na dada muuguzi, Mathilde, Mkongomani naye, akatueleza itachukua kama saa mbili hivi, tungoje kivulini, benchi lipo.

"Amesemaje?" baba akaniuliza.

"Amesema baba wa mtoto asimame hapa, pembeni ya mlango. Asiketi mpaka mtoto atoke."

"Juani?"

"Ndivyo alivyosema."

Akasimama. Jua la Kakuma mnalijua. Mimi nikaenda kukaa kwenye benchi, nikanyoosha miguu. Alihamisha uzito mguu wa kushoto, mguu wa kulia, akaegemea fimbo yake. Kila muuguzi aliyepita alimwamkia kwa heshima: baba gani huyu anayeshinda mlangoni hivi.

Saa mbili zikawa tatu. Mathilde akatoka, barakoa imeshushwa kidevuni, anacheka.

"Imeenda muzuri. Mutoto atasikia. Umwambie papa aikale sasa, amechoka sana."

Baba alinyoosha shingo. Midomo yake ilikuwa imekauka, na lile neno la Kiswahili cha Kongo, aikale, yaani aketi, halikuwa la mnadani.

"Amesema nini?"

"Mtoto ni mzima," nikamwambia. Hilo sikuweza kumnyima.

"Na mimi?"

"Wewe bado."