Kikapu Ng'ambo ya Kijito

Mwaka 1954 bei ya kahawa ilipanda, na baba yangu, Mzee Rwegoshora wa Bweranyange, akaanza kuota ndoto akiwa macho. Kila asubuhi alikaa kizingitini akitazama ukungu ukipanda kutoka bondeni, na ndani ya ukungu ule aliwaona Wazungu wengi, kimya, wamekaa katika nyumba za mawe wakisubiri kahawa yake. Ili wasichoke kusubiri, aliamua kukata migomba yote ya kibanja chetu, shamba lililoizunguka nyumba, na kupanda mibuni hadi mlangoni. Siku ikapangwa: Jumamosi.

Bibi Kokubanza, mama yake, hakubishana. Alipita kati ya migomba akigusa shina moja moja, kama mtu anayeaga wajukuu. Tangu aolewe alikuwa amekula kutoka pale.

Mimi Cassian, mwanafunzi wa bweni niliyekuwa likizo, nilimwarifu baba kwa heshima zote kwamba tumefundishwa hivi: bei ikipanda, wanywaji wa ng'ambo hupunguza, mapato yao yakikua, huongeza, na kazi ya mtaalamu ni kupima ni kwa kiasi gani. Huenda bei hii isidumu.

Baba alinihurumia. "Mwanangu, mgeni akiingia kwa Mzungu, atapewa nini atafune?"

Kwetu mgeni huletewa kikapu kidogo cha kahawa iliyochemshwa na kukaushwa. Hutafuna punje mbili tatu, ndipo mazungumzo au kazi ianze. Baba hakuwa amewahi kufikiri kwamba ipo nchi isiyo na kikapu hicho.

Basi nikaamua kupima. Kuwatoza wageni fedha ingekuwa aibu kwa ukoo, kwa hiyo niliwatoza hatua. Jumatatu niliweka kikapu hatua kumi kutoka kwenye viti: wageni watano, wote walikifuata. Jumanne, hatua arobaini, nyuma ya zizi: wawili kati ya watano. Jumatano nilikiacha palepale, lakini ili kuwakuzia mapato, Bibi aliwalisha ndizi kwanza: wakaenda wanne, mmoja akiimba. Niliandika yote katika daftari la jiografia, nikiwa na uso wa askofu.

Jumamosi ukungu ulikuwa mzito, na migomba ilionekana kama inaelea. Watu sita walikuja na mapanga, wakaketi uani, wakasubiri. Panga halikuguswa. Nilitangaza kwa masikitiko makubwa kwamba kikapu kiko juu ya jiwe, ng'ambo ya kijito.

"Nani amekiweka huko?" baba akauliza.

"Bei, Baba."

Egbert, jirani yetu mnene, aliulizia hali ya nyasi. Akaambiwa zimelowa umande. Akafikiri.

"Mzee Rwegoshora," akasema kwa upole, "kahawa ingekuwa hapa mlangoni ningetafuna mpaka adhuhuri. Kama iko kule, hata rubisi inanitosha."

Wenzake wakaguna kukubali. Bibi akatokea na kibuyu cha pombe ile ya ndizi, kwa kasi ya kushangaza kwa umri wake.

"Kunyweni," akawaambia. "Mwakani mtakamua majani ya mibuni."

Wakacheka, isipokuwa baba. Alisimama akitazama bondeni. Nadhani Wazungu wake walikuwa bado mle ukunguni, ila sasa mmoja alikuwa akifunga dirisha, na mwingine amegeuza kiti.

"Na wao wana rubisi yao?" aliniuliza polepole.

"Wana chai, Baba."

Umande ulidondoka kwenye majani, tone kwa tone, kwa muda mrefu. Kisha baba akachukua panga, akateremka hadi karibu na kijito, akachora mstari ardhini. Chini ya mstari, mibuni. Juu yake, mtu asiguse. Siku ile ilianguka migomba kumi na minane, na kibanja kizima kilichobaki kikaendelea kuelea.

Mimi nilihukumiwa kuchimba mashimo yote ya mibuni peke yangu, na baba, aliyekwisha kuipenda elimu, alikuja kupima kina cha kila moja.